Hoja ipi ina mashiko? Tuzipime mbilimbili kwa mfano wa mifuko ya plastiki

"Je, serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa?" Katika midahalo ya shule ambayo nimekaa meza ya majaji, mada hii nimeisikia kuliko nyingine yoyote, na inaendelea kurudi hata baada ya serikali zenyewe kuijibu. Zanzibar ilipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Naipenda mada hii kwa sababu hoja zake zote, za kuunga mkono na za kupinga, zilitamkwa hadharani na watu waliokuwa na kitu cha kupoteza, na yaliyofuata tumeyaona sokoni kwa macho yetu.

Nitaziweka hoja mbilimbili. Kila jozi itakuwa na hoja zinazokaribiana kimaneno lakini zinazotofautiana kwa uzito, kisha tuchague ya kubeba. Mwanafunzi akipewa hoja moja peke yake na kuulizwa kama ina mashiko, hubabaika, kwa kuwa karibu kila hoja huonekana nzuri ikiwa imesimama peke yake. Akiwekewa mbili ubavu kwa ubavu, tofauti anaiona mara moja.

Nina maswali matatu ya kupimia. Hoja inagusa swali lililoulizwa, au inapita pembeni? Inaonyesha njia ya kutoka kwenye hatua inayopendekezwa hadi kwenye tokeo lenye maana kwa watu? La tatu ndilo husahaulika: hoja hiyo inatusaidia kuchagua? Maana ipo hoja ambayo kila neno lake ni kweli, lakini ukiitazama vizuri inaweza kutetea marufuku, tozo, elimu kwa umma, hata kukaa kimya. Hoja ya namna hiyo haijachagua kitu.

Majirani wamefanya

Hoja A: Tupige marufuku, kwa sababu nchi nyingi za Afrika zimeshapiga marufuku.

Hoja B: Tupige marufuku mifuko yote, kwa sababu Kenya ilijaribu kuzuia ile myembamba peke yake, mara mbili, na mifuko ikaendelea kujaa mitaani.

Hoja A ndiyo hufungua karibu kila mdahalo, na ni nyepesi. Wingi wa waliofanya jambo hauelezi kama jambo lilifaa. Uganda nayo ilitangaza mwaka 2009 kuzuia kaveera (mifuko ya plastiki) nyembamba, na kwa miaka mingi baadaye kaveera zilikuwa zikitolewa sokoni kama kawaida. Kwa hiyo mtu wa upande wa pili anaweza kuichukua hoja hiyohiyo na kuigeuza: jirani alijaribu akashindwa, tuache. Hata mfano wa Rwanda, ambao kila mtu huusifu, hautoshi kwa kutajwa jina tu. Rwanda ni nchi ndogo, watu wake walikuwa tayari wamezoea umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mizigo ya wasafiri ilipekuliwa mipakani kutafuta mifuko hiyo. Anayetaka kuitumia Rwanda aonyeshe ni lipi kati ya hayo lipo kwetu.

Hoja B ni ya aina nyingine kabisa, na kwangu ndiyo bora katika upande wa kuunga mkono. Mwaka 2007 Kenya ililenga mifuko yenye unene wa chini ya mikroni 30, na mwaka 2011 ikapandisha kiwango hadi mikroni 60. Mikroni ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara elfu. Fikiria askari wa halmashauri amesimama mbele ya mama mwenye genge la nyanya, ameshika mfuko mkononi. Atajuaje kama ni mikroni 25 au 35? Mama mwenyewe hajui, na aliyemuuzia mifuko kwa jumla ana kila sababu ya kumwambia kwamba ni ile minene. Sheria inayohitaji kifaa cha maabara ili kujua nani amekosa haiwezi kusimamiwa sokoni. Marufuku kamili haina tatizo hilo: ukiuona mfuko, umeuona.

Tazama kazi ambayo hoja B imefanya. Imechukua hatua mbili zilizokuwa mezani, kuzuia mifuko yote na kuzuia myembamba tu, ikaeleza kwa nini moja itashindwa na nyingine inaweza kufaulu. Ina mpaka wake: haijasema lolote kuhusu tozo. Tena mpinzani makini ana mahali pa kuishambulia. Anaweza kusema majaribio yale mawili yalikwama kwa kukosa usimamizi na kwa upinzani wa wenye viwanda, na kwamba unene haukuwa kiini cha tatizo. Hilo ni shambulio la haki, na anayebeba hoja B ajiandae nalo. Lakini angalau mjadala sasa una mahali pa kushika.

Plastiki ni mbaya

Hoja A: Tupige marufuku, kwa sababu mifuko ya plastiki ni hatari kubwa kwa mazingira na kwa vizazi vijavyo.

Hoja B: Tupige marufuku, kwa sababu ng'ombe wanaochungwa karibu na majalala huimeza mifuko hiyo, haisagiki tumboni, na mnyama hudhoofika au kufa akiwa na tumbo lililojaa.

Hapa sitakaa sana, maana tofauti inajionyesha. Hoja A ina vivumishi, hoja B ina njia. Kabla ya marufuku ya Kenya, wakaguzi wa nyama jijini Nairobi walieleza kwamba walikuwa wakitoa mifuko mingi katika tumbo la ng'ombe mmoja. Msikilizaji ambaye hajali neno "mazingira" bado anajali nyama na bei ya ng'ombe. Vilevile takwimu kubwa haiwi hoja kwa ukubwa wake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya yalikuwa yakitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Idadi hiyo inaonyesha tatizo lina upana gani, lakini madhara yenyewe bado yanasubiri mtu wa kuyaeleza.

Jozi ndogo iliyomo ndani ya hii ni ya mafuriko, na nayo imeniumiza kichwa mara nyingi nikiwa jaji. Mzungumzaji mmoja husema, "Marufuku itamaliza mafuriko Dar es Salaam." Mwingine husema, "Marufuku itapunguza kuziba kwa mitaro, na mtaro usioziba hupitisha maji ya mvua haraka zaidi." Ukumbi humpigia makofi wa kwanza. Mimi humpa alama wa pili. Jangwani hufurika kwa sababu ni bonde la Mto Msimbazi, na mchanga uliojaa mtoni nao una sehemu yake. Aliyeahidi kumaliza mafuriko amejibebesha mzigo asioweza kuufikisha, na mvua moja ya masika inatosha kumwangusha. Dai likiwa dogo na likaweza kusimama, hoja huwa nzito. Bangladesh, nchi ya kwanza kupiga marufuku mifuko myembamba, mwaka 2002, ilisukumwa na jambo hilihili: katika mafuriko makubwa ya 1988 na 1998, mifuko ilikuwa imeziba mifereji ya kupitisha maji mjini Dhaka.

Ajira

Hoja A: Tusipige marufuku, kwa sababu itaathiri uchumi.

Hoja B: Tusipige marufuku, kwa sababu viwanda 176 vitaguswa na zaidi ya watu 60,000 watapoteza kazi.

Hoja B ni ya chama cha wenye viwanda cha Kenya, na idadi hizo ndizo walizozitoa wao wenyewe mwaka 2017. Naomba tukae hapa, kwa sababu ndipo ninapoona watu wazima wakikosea zaidi kuliko wanafunzi.

Kosa la kwanza ni kusema, "Hao wanatetea matumbo yao." Ni kweli wana maslahi. Lakini mwenye maslahi anaweza kusema kweli, na mara nyingi ndiye anayezijua idadi kuliko mtu mwingine. Kumjibu kwa kutaja tumbo lake ni kumwacha na hoja yake ikiwa imesimama palepale. Maslahi yanatupa sababu ya kukagua hesabu, basi. Je, hao 60,000 ni waajiriwa wa viwandani, au wamejumlishwa wasambazaji, wauzaji wa jumla na wale wanaouza mifuko kwa rejareja sokoni? Je, kiwanda kinachotengeneza mifuko kinatengeneza pia ndoo na mabomba, ambayo hayakuguswa?

Ni hapa ndipo lazima ujue uko wapi. Katika mtihani wa mantiki au usaili wa kazi, maswali ya aina hii hukutaka uchukulie kwamba maelezo ya hoja ni ya kweli, kisha upime uzito wake tu. Ukianza kubishia takwimu, umetoka nje ya swali na utapoteza alama. Kwa mizani hiyo, hoja B ni nzito: inagusa swali, inataja tokeo kubwa, na tokeo hilo linatokana moja kwa moja na marufuku. Katika mkutano wa kijiji au kikao cha kutoa maoni ya umma, mizani ni mbili. Unapima uzito, halafu unauliza ushahidi. Nimewaona vijana waliofaulu sana mitihani wakikubali kila idadi mkutanoni kwa sababu wamezoea mizani ile ya kwanza. Nimewaona pia wanaharakati hodari wakianguka kwenye usaili kwa kubishana na maelezo ambayo waliambiwa wayakubali.

Kosa la pili ni kudhani kwamba hoja ya ajira, ikishakuwa nzito, lazima inachagua "hapana". Rudi kwenye swali la tatu. Kupotea kwa kazi kunaweza kutetea kutopiga marufuku, na kunaweza kutetea kupiga marufuku kwa kutoa muda. Kenya ilitoa tangazo mwishoni mwa Februari 2017 na marufuku ikaanza mwishoni mwa Agosti, yaani miezi sita. Kwetu Tanzania, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni mwezi Aprili 2019 na marufuku ikaanza tarehe 1 Juni, muda usiofika miezi miwili. Kwa maoni yangu, hoja ya ajira ilikuwa na nguvu zaidi Tanzania kuliko Kenya, lakini kama hoja ya kuongezwa muda. Mpinzani ambaye angeliona hilo angeweza kuwasaidia wafanyakazi kweli, badala ya kusimama kwenye "hapana" ambayo haikuwa na nafasi ya kushinda.

Hoja A katika jozi hii? Karibu kila sera huathiri uchumi. Iacheni.

Haitatekelezeka

Hoja A: Tusipige marufuku, kwa sababu watu watavunja sheria tu.

Hoja B: Tusipige marufuku kabla ya kuwa na mbadala wa bei ya mnunuzi mdogo, kwa sababu pengo hilo litazibwa na mifuko ya magendo au plastiki ya aina nyingine.

Hoja A ina ugonjwa wa kuthibitisha kupita kiasi. Wezi nao huvunja sheria, na hakuna anayesema tufute sheria ya wizi. Ukiona hoja ambayo ukiifuata hadi mwisho inafuta sheria zote za nchi, ujue haikuwa inazungumzia mifuko.

Hoja B inataja nani, kwa nini, na nini kitafuata, kisha yaliyotokea yakaipa haki. Kenya ilikamata mifuko iliyoingizwa kwa magendo kutoka nchi jirani ambako ilikuwa bado inatengenezwa. Tanzania, rambo (mifuko ya plastiki ya kubebea) zilipotoweka, vile vifungashio vyembamba vinavyoonyesha kilichomo ndani, ambavyo vilikusudiwa kufungia bidhaa, vikageuzwa kuwa mifuko ya kubebea mchicha na dagaa, mpaka mamlaka zikalazimika kuvitolea katazo lake. Aliyetoa hoja B kabla ya Juni 2019 alikuwa ameona mbali. Hata hivyo angalia maneno "kabla ya". Hoja hiyo inaweka sharti, haikatai. Mtu wa kuunga mkono anaweza kuipokea yote na bado akashinda, kwa kusema: tukubaliane, tuanze na mbadala.

Kuhusu adhabu pia ipo tofauti ya kupimwa. Kenya iliweka faini ya hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka 4. Kanuni za Tanzania zilitofautisha: aliyekutwa na mfuko faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, na mtengenezaji adhabu kubwa zaidi sana. "Adhabu ni kali mno" ni hoja dhidi ya kifungu cha adhabu, na marufuku yenyewe inabaki haijaguswa. Mwanafunzi akiichanganya, mwambieni kwa upole. Ni kosa la kawaida.

Kikapu cha bibi

Hoja A: Tupige marufuku, kwa sababu wazee wetu waliishi na vikapu vya ukindu bila plastiki.

Hoja B: Tusipige marufuku, kwa sababu utafiti wa Denmark wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mfuko wa pamba lazima utumike zaidi ya mara 7,000 ndipo madhara yake kwa jumla yawe madogo kuliko ya mfuko mwepesi wa plastiki.

Watu wengi wangechagua B bila kufikiri: ina utafiti, mwaka na idadi. Mimi nasema zote mbili zina nusu ya mashiko, na kwangu ya kikapu inazidi kidogo.

Kikapu kinathibitisha kwamba jambo linawezekana. Si kidogo hicho, maana kuna wanaodai haiwezekani. Kinachokosekana ni maisha ya leo. Bibi alitoka nyumbani akijua anakwenda sokoni, kwa hiyo kikapu alikuwa nacho mkononi. Mjukuu wake anatoka kazini saa kumi na mbili jioni, anashuka kwenye daladala, anaona samaki wabichi, hakupanga kununua. Hoja ya kikapu ikimjibu mjukuu huyo, itakuwa nzito.

Utafiti wa Denmark ni wa kweli na umefanywa kwa uangalifu. Lakini ulipima madhara ya kutengeneza mfuko, kuutumia na kuuteketeza, katika nchi ambako takataka hukusanywa na kuchomwa ili kupata nishati. Madhara ya mfuko uliotupwa ovyo hayakuingizwa kwenye hesabu, kwa kuwa kule yalionekana madogo. Kwetu hayo ndiyo kiini cha swali: mfuko ulio mtaroni, baharini, tumboni mwa ng'ombe. Kwa hiyo ni hoja nzito kwa swali jingine, na imesafirishwa hadi hapa bila kuangaliwa. Sehemu yake inayofaa ni onyo: ukimpa mtu mfuko wa nguo akautumia mara tano, hujaokoa kitu kikubwa. Ulizeni mifuko mbadala tunayonunua sasa inadumu safari ngapi kabla mkanda haujakatika.

Tozo badala ya marufuku

Kama ningelazimishwa kusimama upande wa kupinga na kupewa hoja moja tu, ningechukua hii. Ireland ilianza kutoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko mwezi Machi 2002, na matumizi yakashuka kutoka mifuko 328 hivi kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Hakuna aliyefungwa, hakuna kiwanda kilichofungwa kwa amri, na serikali ikapata fedha. Hoja hii inafanya kile ambacho hoja nyingi za kupinga haziwezi: inakubali tatizo, kisha inaonyesha njia nyepesi zaidi ya kulitatua.

Iweke ubavuni mwa Afrika Kusini, iliyoanza tozo mwaka 2003. Huko matumizi yalishuka mwanzoni, kisha yakaanza kupanda tena. Sasa swali ni lipi kati ya hayo mawili lingetokea katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, au la Gikomba, Nairobi. Tozo ya Ireland hukatwa pale penye mashine ya risiti. Mama wa genge hana mashine, na mfuko anautoa bure kama shukrani kwa mteja. Mtetezi hodari wa tozo atajibu kwamba tozo ikatwe kiwandani na bandarini, ambako waliopo ni wachache na wanajulikana. Jibu hilo ni zuri. Lakini tozo ikikatwa kiwandani, mnunuzi haioni kwenye bei ya nyanya zake, na nguvu ya Ireland ilikuwa kwamba mtu aliulizwa dukani, uso kwa uso, kama yuko tayari kulipia.

Nikizipima zote kwa pamoja, nachagua marufuku kwa sababu ya mikroni na genge: ndiyo hatua pekee ambayo askari, muuzaji na mnunuzi wanaweza kuitambua bila kifaa na bila risiti. Aliyenikaribia zaidi upande wa pili ni yule wa "mbadala kwanza", na kama angepewa miezi sita badala ya miwili, huenda vifungashio visingepata nafasi viliyoipata.

Mada inayokuja ni chupa za maji. Kenya imeshazuia plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi na fukwe zilizohifadhiwa tangu tarehe 5 Juni 2020. Kuna anayesema tuige nchi nzima kwa sababu Kenya imefanya hifadhini. Kuna anayesema hifadhini iliwezekana kwa sababu mgeni hupita kwenye lango na mkoba wake hutazamwa, na mtaani hakuna lango. Waandaeni wanafunzi waanzie hapo.